Landrova 109 ya Ngamiani: kuiamsha na kuichora kwa ajili ya siku ya sanaa, tuanze wapi?

Mwana_Makorora

Assalam aleikum wana jukwaa.

Kikundi chetu cha mtaa hapa Ngamiani, chenye wachoraji, wapiga ngoma na mafundi wawili wa pikipiki, kimekabidhiwa Landrova 109 pikapu, Series III, injini ya petroli ya silinda nne. Imesimama miaka mingi nyuma ya nyumba, na upepo wa bahari unaifikia. Kadi ipo, ufunguo upo, betri hakuna, matairi yote yamelala. Bodi haijapondeka sana, ila kuna sehemu rangi imevimba na chini yake kuna unga mweupe. Injini hatujaigusa.

Tunataka mwezi wa tisa tufanye siku ya sanaa ya mtaa pale Tangamano, na gari iingie uwanjani kwa injini yake, siyo kwa kuvutwa, ikiwa imechorwa na wachoraji wa mitaa mbalimbali ya Tanga. Baada ya hapo ibaki kuwa gari ya kikundi: ibebe ngoma, spika na viti kwenye shughuli za mtaa.

Naomba msaada wa wanaoijua kazi. Tuanze wapi ili tusiiue injini siku ya kwanza? Ule unga mweupe ni nini, na rangi itashikaje juu yake? Wachoraji wetu wamezoea ubao na kuta, bodi ya gari ni ngeni kwao. Vibali navyo, kama kuna anayejua. Pesa ni ya michango, kwa hiyo tuambieni wazi iende wapi kwanza.

Fundi_Hendeli

Wa aleikum salaam. Mmepata gari nzuri. Injini hiyo ni ya cc 2286, haina kompyuta hata moja, na mkienda nayo taratibu itaamka. Kinachoziua injini zilizolala ni mtu kuleta betri na kupiga stata siku hiyohiyo. Ringi zimeshika kutu kwenye kuta za silinda, valvu moja imekamata, stata nayo ina nguvu. Lazima kitu kivunjike.

Fungueni plagi zote nne. Kila silinda imwagieni kijiko kikubwa kimoja cha mafuta mepesi. Yale ya gia boksi za otomatiki yanapenya vizuri kuliko oili ya kawaida. Acheni siku mbili au tatu. Kisha ondoeni kifuniko cha juu cha valvu, plagi zikiwa bado nje na gia ikiwa nyutro, ingizeni hendeli mbele na kuzungusha kwa mkono. Mmoja azungushe, mwingine atazame roka, vile vikono vya juu vinavyosukuma valvu. Zote nane lazima zipande na kushuka. Isiyorudi juu ya valvu yake ina maana valvu imekamata, na mkilazimisha, pushrodi (fimbo inayoisukuma roka kutoka chini) inapinda. Dondosheeni mafuta kwenye shina la valvu hiyo na kuigonga kidogo kidogo kwa nyundo ya plastiki mpaka iachie.

Ikigoma kuzunguka kabisa, wasining'inie watu watatu kwenye hendeli. Ongezeni mafuta, subirini tena, kisha itikiseni mbele na nyuma kidogo kidogo. Kuivuta kwa gari nyingine huku gia ya nne imeingia ndiyo njia fupi ya kupinda konrodi.

Injini ikiwa imeachia, pimeni nafasi ya valvu kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi): milimita 0.25 kwa zote nane, za kuingiza na za kutoa.

Oili ya zamani mwageni yote kwenye dumu na muitazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kuchunguza kwanza. Ikiwa nyepesi na inanuka petroli, daiframu ya pampu ya petroli imechanika. Oili mpya ni 20W-50, lita 7 hivi pamoja na filta. Filta yake ni ile ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe cha chuma, na raba ya kikombe hubaki imenasa juu kwenye mfereji wake. Ichokoeni yote itoke kabla ya kuweka mpya. Raba mbili zikikaa pamoja, oili inamwagika yote chini mara injini ikishika presha.

Moto: pointi milimita 0.35 hadi 0.40, plagi milimita 0.75. Mpangilio ni 1-3-4-2, silinda namba 1 ni ya mbele karibu na rejeta. Kujua waya zinafuatana upande upi, fungueni kepu ya distributa, zungusheni hendeli na kutazama rota inaelekea wapi. Pointi zilizolala hushika ukungu wa kutu. Zisugueni kwa msasa laini na kuzifuta kwa thina. Kondensa wekeni mpya, haina bei.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka ulimbo na kuziba jeti. Kwenye pikapu tanki iko chini ya kiti, itoeni nje kabisa, msiioshee ndani ya gari. Kabureta ikiwa ni Zenith, ugonjwa wake unajulikana: kifuniko cha juu hupinda, na raba ndogo ya mviringo iliyo ndani huoza. Hapo injini inakunywa petroli, inatoa moshi mweusi na haitulii ikiachiwa mafuta. Watu hubadili plagi, koili, mpaka distributa, kumbe ni kiraba. Lazeni msasa wa 400 juu ya kioo, sugueni uso wa kifuniko mpaka unyooke, wekeni raba mpya.

Mwisho, maji. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na chumvi ndani ya bloku inakula kama inavyokula nje. Jazeni kulanti (maji ya dawa ya rejeta), mfumo mzima unachukua lita 10 hivi. Na thamostati msiitupe. Mafundi wengi huing'oa wakidhani joto la Tanga haliitaki, lakini kwenye injini hii ndiyo inayofunga ile njia ya pembeni. Isipokuwepo, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari inachemka zaidi.

Nyundo_na_Msasa

Mkuu Fundi_Hendeli kasema kweli tupu kuhusu injini, ila mpangilio wa pesa ningeugeuza. Shilingi ya kwanza iende chini ya gari, kwenye chesisi na breki. Injini inayowaka kwenye gari isiyo na breki, katikati ya uwanja wenye watoto, ni hatari kuliko gari iliyokufa.

Huo unga mweupe ni aluminiamu inayoliwa. Bodi ya Landrova ni aluminiamu, lakini chesisi, ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na vipande vingi vya kuunganishia ni chuma. Metali hizi mbili zikigusana na katikati kukawa na maji ya chumvi, umeme mdogo unapita kati yao na aluminiamu ndiyo inayolika. Ndiyo maana mtauona unga zaidi pale bodi inapokaa juu ya chuma: chini ya milango, kwenye pembe za karai la nyuma, kuzunguka boliti. Rangi pekee haitibu. Fungueni kipande, kwangueni unga wote mpaka metali ing'ae, pakeni praima pande zote mbili, ya aluminiamu na ya chuma, na kati yake wekeni ukanda wa raba nyembamba au silanti. Boliti ziwe za mabati, zipakwe grisi. Za stenlesi zinavutia macho lakini zikiwa ndani ya aluminiamu na chumvi ikaingia, zinaila hiyo aluminiamu.

Chesisi kagueni kwa nyundo ndogo na bisibisi. Gongeni urefu wote. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi inaingia. Anzeni na ile nguzo ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia, kisha mikono inayotoka pembeni kushika bodi, kisha zinakofungwa springi, kisha upande wa ndani wa tanki ambako matope hukaa bila kuoshwa. Sakafu ya miguu ya dereva na abiria nayo hutoboka, inyanyueni mikeka muone.

Chesisi hiyo ni bomba la mraba la bati la milimita 2. Pakioza, kateni mpaka mkute chuma safi, kisha chomeleeni bati la milimita 2. Kubandika bati jipya juu ya kutu ni kupoteza pesa, kwa sababu kutu inaendelea katikati na baada ya masika mbili kiraka kinaning'inia. Kabla ya kuchomelea: tanki nje ya gari na mbali, betri na altaneta vifunguliwe waya. Mkimaliza, zibueni matundu ya chini ya kutolea maji na mpulize nta ya kuzuia kutu ndani ya bomba. Oili chafu nayo husaidia kwa muda, ila inadondoka na kuoza raba za springi.

Breki sasa. Gari ya 109 ina ngoma za inchi 11, mbele kila gurudumu lina silinda mbili, nyuma moja moja. Jumla silinda sita, na baada ya miaka ya kusimama hesabuni kuwa zote zimekamata. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga tunaijua. Maji yale hukaa ndani ya silinda na kula kuta zake. Ikiwa ndani kuna vishimo, kubadili raba hakutoshi, silinda ibadilishwe. Mipira inayopinda ni mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma. Badilisheni yote hata kama kwa nje inaonekana mizima, maana huvimba ndani na kuzuia mafuta kurudi, gurudumu likabaki limeshikwa. Tumieni DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa.

Kutoa upepo kwenye 109 kunawasumbua wengi kwa sababu ya zile silinda mbili za mbele. Kwanza legezeni ajasta zote (skrubu za kusogeza shu za breki karibu na ngoma) ili pistoni zirudi ndani kabisa, hewa ikose pa kujificha. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Pedali ishuke polepole, nipo (kile kiskrubu cha kutolea upepo) ifungwe kabla mguu haujarudi. Mkimaliza, kazeni kila ajasta mpaka shu iguse ngoma, kisha rudisheni kidogo gurudumu lizunguke huru. Pedali ikiwa bado inazama, rudieni mbele kabla ya kulaumu masta.

Matairi ni 7.50-16. Yaliyolala kwa upepo mdogo miaka yote hiyo yana nyufa za pembeni, msiyatie upepo na kuyaamini.

Brashi_ya_Singa

Naingia kwenye rangi, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi nzuri za mitaani huharibika. Mchoro unakuwa wa kupendeza, miezi sita baadaye unabanduka kama ulivyo. Sababu ni ileile kila mara: rangi imepakwa juu ya aluminiamu bila praima yake.

Aluminiamu ikisuguliwa, inaanza kujifunika upya saa hiyohiyo kwa ngozi nyembamba ambayo rangi ya kawaida haiishiki. Kwa hiyo kazi ifuate mtiririko bila kulala katikati. Osheni bodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni, suuzeni sana, ikauke. Futeni mafuta kwa thina na kitambaa safi, mkikigeuza kila mara. Sugueni kwa msasa namba 180, malizieni na 320. Futeni vumbi. Siku hiyohiyo pakeni woshi praima, ile yenye asidi inayong'ata metali, mkono mmoja, yaani tabaka moja, mwembamba unaoonyesha metali kwa mbali. Ikiwa nene haifanyi kazi, inakuwa safu dhaifu. Juu yake praima ya kawaida, kisha rangi.

Puti ina sharti lake. Puti ya gari haikai juu ya woshi praima, asidi inagombana na hadina yake (dawa ya kuigandisha) na puti inabaki laini kwa ndani. Penye kubonyea, puti iwekwe juu ya metali iliyosuguliwa au juu ya praima ya epoksi. Na kwa Landrova, waacheni mabonyeo madogo yabaki. Gari hizi zimefanya kazi mashambani na milimani, na uso ulionyooshwa kwa kilo za puti utapasuka kwenye mashimo ya barabara.

Rangi ya kuchorea: rangi ya mafuta, ile ya enameli inayopakwa kwenye mageti. Wachoraji wenu wasiiogope. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa enameli ya kupakia baiskeli juu ya ubao mgumu, na mtindo mzima uliobeba jina lake umesimama juu ya aina hiyo ya rangi. Kwenye bodi ya gari inakuwa imerudi nyumbani kwake, kwenye metali. Ina mng'ao, inavumilia jua, na kinachokwaruzwa kinarekebishika kwa brashi bila kurudia mlango mzima. Kwa msingi wa nje wa pikapu, lita 4 zinatosha mikono miwili. Za kuchorea nunueni kopo ndogo: nyekundu, njano, bluu, nyeupe, nyeusi, na nyeupe iwe kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo itakayochanganywa kila mahali.

Punguzeni uzito kwa tapentaini, siyo kwa thina ya duko, rangi ya gari ya kupulizwa. Thina ya duko ikigusa enameli ambayo bado changa, inaikunja yote. Kila mkono ukauke saa 24, na penye mchoro wa tabaka nyingi subirini siku mbili. Pakeni kati ya saa 3 asubuhi na saa 8 mchana, kivulini. Ukipaka jioni, umande wa pwani unashuka juu ya rangi mbichi na asubuhi unakuta mng'ao umekufa, umebaki ukungu. Juni mpaka Septemba ni wakati mzuri, mvua za masika zimepita na vuli bado.

Sasa uzuri wa gari hii kwa kikundi. Milango ya Landrova inachomoka kwenye bawaba zake, nusu ya juu yenye kioo inafunguliwa kwa nati mbili kutoka nusu ya chini, boneti inanyanyuka, mlango wa nyuma nao unatoka. Kwa hiyo hamhitaji kuwakusanya wachoraji wote kwenye kibanda kimoja. Mlango mmoja uende Chumbageni, mwingine Makorora, boneti ibaki Ngamiani, mlango wa nyuma uende Mwanzange. Kipande kinalazwa juu ya stuli mbili, rangi haitiririki, na mchoraji anafanya kazi kwake kwa saa zake. Mkubaliane mambo matatu tu kabla: rangi ya msingi itoke kopo moja, mstari wa upeo uwe kimo kimoja kwenye vipande vyote, na sentimita 5 za pembeni ziachwe bila mchoro kwa ajili ya kushika na kufunga.

Pendekezo langu la mpangilio ni kanga. Kila mlango uwe na pindo lake kuzunguka, mji katikati, na jina chini. Mchoraji ana uhuru wote ndani ya mji, lakini pindo moja likizunguka gari nzima linaifanya iwe kazi moja. Jina nalo liandikwe na mkono mmoja gari nzima, kwa brashi ya singa bapa ya milimita 10 au 12. Pigeni mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, andikeni kwanza kwa chaki, mwandishi asimame mbali asome, ndipo rangi ije. Mtu hupenda kuanza na herufi kubwa kushoto, akifika katikati nafasi imeisha na neno la mwisho linabanwa. Anzeni kupima kutoka neno la katikati.

Duko_Safi

Dada Brashi, nakubali kuhusu woshi praima. Ila kwa msingi, mngepiga duko la hadina kwa kompresa, juu yake mchoro, kisha varnishi ya gari. Enameli ya brashi ina michirizi na haitafika miaka mitano kwenye jua hili.

Brashi_ya_Singa

Kaka Duko_Safi, duko la hadina chini na enameli juu inawezekana, mradi duko limekauka wiki nzima na kusuguliwa kwa msasa wa 400 ili mchoro ushike. Kinachokataa ni varnishi ya hadina juu ya enameli, inaikunja hata ikiwa na mwezi. Mkitaka kuulinda mchoro, tumieni varnishi ya mafuta ya nje, ile ya boti, mkono mmoja.

Lakini sishauri duko la hadina kwa kazi ya mtaani. Hadina yake ina kemikali inayochoma mapafu na kuanzisha pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Inataka chumba chake na barakoa ya kemikali au ya hewa ya kupuliziwa. Uani Ngamiani, nyumba zimegusana na watoto wanacheza mlango wa pili, haifai. Michirizi ya brashi inaondoka mkitumia rola ndogo ya sponji, kisha brashi kavu ipitishwe juu mara moja kwa mwelekeo mmoja.

Mwana_Makorora

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Tumefuata. Siku ya tatu hendeli imezunguka, roka zote nane zinacheza. Oili imetoka nyepesi mno, inanuka petroli. Chesisi: nguzo ya nyuma nzima, mikono miwili ya kushoto bisibisi imeingia. Breki hatujafungua. Tuliona pampu ina mkono mdogo wa kusukumia petroli, tuijaribu?

Na swali la spika: tunaweza kuzitoa umeme kwenye gari siku ya shughuli?

Fundi_Hendeli

Msiwashe kabla ya kushughulikia pampu. Daiframu ikichanika, petroli inapita kwenye shina la pampu na kushuka moja kwa moja kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Oili nyepesi hivyo hailindi beringi za krenki, na mvuke wa petroli ndani ya sampu unaweza kulipuka. Kifurushi cha kutengenezea pampu kina daiframu, valvu mbili na gasketi. Mkifunga daiframu mpya, usukumeni mkono wa pampu ndani mpaka mwisho ndipo mkaze skrubu za pembeni. Mkikaza ikiwa imelegea, itanyooshwa kupita kiasi siku ya kwanza na kuchanika tena. Oili mpya mtakayoweka imwageni baada ya saa chache za kwanza za kuendesha, itakuwa imebeba uchafu wote wa zamani.

Kuwasha mara ya kwanza: kidumu kidogo cha petroli safi, mbali na eksozi, mtu mwenye kizima moto cha unga pembeni. Zungusheni kwa stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izime, ndipo mrudishe plagi na kuwasha. Izimeni papo hapo taa ikiwaka tena.

Spika hapana. Altaneta ya Lucas 16ACR inatoa ampea 34 injini ikiwa kasi, ni kama wati 400 tu, na humo taa na moto wa injini wanachukua chao. Tafuteni jenereta au umeme wa uwanjani.

Bi_Chumbageni

Wanangu, kwa upande wa shughuli yenyewe.

Kadi ya gari ina rangi imeandikwa. Mkibadili rangi ya msingi, pelekeni TRA ibadilishwe kabla gari haijaingia barabarani, na bima iwe hai. Jina la kwenye kadi likiwa bado la aliyewapa, mumalize uhamisho sasa, msingoje wiki ya shughuli. Uwanja ombeni Halmashauri ya Jiji kwa barua. Kama gari itatembea na ngoma nyuma yake, huo ni msafara: taarifa ya maandishi ipelekwe kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, isiyopungua saa 48 kabla, na ni heri iwe wiki mbili.

Wachoraji waandikishane na kikundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji, kwa hiyo mkitaka kuchapa mlango wake kwenye fulana au kalenda, ridhaa iwe kwenye karatasi, na mgao umetajwa. Kila mmoja aandike jina lake pembeni mwa kipande chake. Karatasi moja inazuia ugomvi wa miaka.

Siku yenyewe, zungusheni kamba ya mkonge kuizunguka gari, mita moja na nusu kutoka kwenye bodi. Tupo Tanga, hakuna sababu ya utepe wa nailoni. Watoto wapewe zamu ya kukaa kwenye usukani na mtu mzima akiwepo, betri imefunguliwa waya wa hasi, tanki ina petroli kidogo tu. Kingo za aluminiamu zilizokwaruzika zinakata vidole, zipigeni tupa wiki moja kabla.

Nyundo_na_Msasa

Naongezea kwa Bi, maana hili limewahi kuwaponza wengi. Handbreki ya Landrova haishiki magurudumu. Inashika ngoma moja nyuma ya gia boksi, kwenye shafti inayokwenda difu ya nyuma. Kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa kwa jeki, handbreki haizuii tena gari, kwani difu inaliacha lile la chini lizunguke. Ikitolewa shafti ya nyuma, handbreki haipo kabisa. Uwanjani na gereji, wekeni magogo mbele na nyuma ya magurudumu mawili, kila mara.

Na mkitaka kuipiga picha Raskazone, ipelekeni, ila kusi inarusha chumvi mpaka barabarani. Siku hiyohiyo iosheni kwa maji baridi, na mpira wa maji uelekezwe zaidi chini, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye matundu ya chesisi, ndipo mwoshe michoro.